Sura ya 6: Fagio Nne, Watoto Themanini

Mabango mengi ya ushirikiano yanayobandikwa madarasani yanadanganya. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ijumaa kipindi cha mwisho mwalimu anagawa karatasi za manila na makapeni, anasema, "Kila kundi lichore bango la ushirikiano katika usafi wa darasa," na dakika 40 baadaye anapokea bango lilelile mara sita: watoto walioshikana mikono kwenye duara, jua lenye miale kwenye kona, ufagio mmoja usioshikwa na mtu, na chini yake kwa herufi nyekundu, UMOJA NI NGUVU. Linabandikwa. Jumatatu asubuhi, chini ya bango hilohilo, wasichana wanne wanafagia, mvulana mmoja anafuta ubao kwa kuwa kufuta ubao ni kazi ya heshima, wawili wamebeba ndoo tupu wanazunguka nayo ili waonekane, na waliobaki wako nje wanapiga chandimu.

Sura hii ni ya bango la namna nyingine, na nimeiweka Tarime na Serengeti kwa makusudi. Ni wilaya mbili za mkoa wa Mara zinazopakana. Tarime iko juu, ina baridi, migomba na kahawa, na barabara yake inaishia Sirari kwenye mpaka wa Kenya. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, inashuka kuelekea kwenye hifadhi yenye jina hilohilo, na mvua hupungua kadiri unavyoshuka. Kote huko usafi wa darasa unakutana na mambo matatu kwa pamoja: watoto wengi, maji ya kubeba kwa kidumu, na desturi ambayo imekwisha amua nani ashike ufagio kabla mwalimu hajaandika orodha ya zamu.

Tuanze na wingi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, darasa la watoto 80 si habari tena, na mahali pengine mwalimu anafundisha zaidi ya 100 kwenye chumba kimoja. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizokusudiwa kufika shuleni. Humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, daftari la mahudhurio. Ufagio husubiri. Basi fagio zinatoka nyumbani au porini, matawi ya vichaka yaliyofungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Chukua darasa lenye watoto 80 na fagio nne. Mwalimu akisema "fanyeni usafi, shirikianeni", watoto 76 wamekwisha pata ruhusa ya kukaa.

Kutegea hakukuanzia Mara. Miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, profesa wa uhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta kamba, mmojammoja na kisha kwa makundi, akachapisha matokeo mwaka 1913. Wawili wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama asilimia 93 ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Watatu, asilimia 85. Walipofika wanane, kila mtu alikuwa anatoa chini kidogo ya nusu. Sehemu ya hasara hiyo ni kwamba watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaambia wenzao wako nyuma wanavuta nao, kumbe hakuna mtu. Wakalegeza vilevile. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake walipata jambo hilohilo kwa kuwapigisha watu makofi na kelele, na miaka miwili baadaye wakaonyesha dawa yake: mtu akijua kwamba sauti yake mwenyewe inapimwa, anarudi kupiga kelele kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo penye kazi ya bango. Bango lisiwahimize watoto washirikiane. Hilo wanaambiwa mstarini kila siku. Liseme nani anafanya nini, siku gani, na kazi ikiisha inaonekanaje. Najua mwalimu wa sanaa atalalamika kwamba nimeligeuza bango kuwa orodha ya zamu. Ni kweli. Orodha ya zamu iliyochorwa vizuri ndiyo bango pekee la ushirikiano ambalo nimeshawishika kwamba linafanya kazi.

Kabla karatasi haijaguswa, watoto waende kuitazama kazi yenyewe. Kundi la watano wenye daftari na penseli lisimame mlangoni wenzao wakifanya usafi, liandike kila kinachofanyika. Kwa kawaida wataanza na maneno mawili, kufagia na kupiga deki, na hicho chumba hakina hata sakafu ya kupigwa deki. Wakitazama tena wataona mengi. Dawati linainuliwa na kusogezwa kabla ya ufagio kupita, la sivyo taka zinabaki chini ya miguu ya dawati wiki nzima. Maji anayateka mtu, na kunyunyiza ananyunyiza mwingine. Taka zikikusanywa pembeni mtu azizoe, mtu azipeleke shimoni, na hao wawili huwa hawapatikani. Ndiyo maana madarasa mengi yana kilima kidogo cha vumbi nyuma ya mlango. Kuna ubao na dasta, ambayo ni lazima ikung'utiwe nje, si ukutani. Kuna kibuyu chirizi cha kunawia, ambacho kikiishiwa maji hakuna anayejua ni zamu ya nani. Na kuna choo.

Kunyunyiza maji kunastahili mchoro wake peke yake, mkubwa. Kwenye sakafu ya udongo, ufagio mkavu haufagii, unahamisha vumbi kutoka chini kwenda juu ya madaftari na vifuani mwa watoto. Maji yanyunyizwe kwa kiganja, matone yaliyotawanyika, yaachwe yanywewe na udongo kidogo, kisha ufagio uanze ukuta wa nyuma kuja mlangoni. Mtoto anayemwaga ndoo anapata matope, na mtoto wa Tarime wakati wa masika hahitaji kuongezewa matope; yeye anahitaji kipande cha bati butu mlangoni cha kukwangulia viatu. Kwa hiyo bango la Machi la shule ya milimani halifanani na la Agosti la shule ya Nata au Robanda, ambako vumbi ni jingi na maji yako mbali. Mwalimu anayenakili bango la kitabu cha kiada analetewa sakafu ya vigae na mtoto mwenye glavu.

Na vumbi hilo lina mwenyewe. Funza, yule kiroboto anayejichimbia chini ya ukucha wa mguu, hakuwa wa huku. Alivuka bahari kutoka Brazil akafika Angola mwaka 1872 kwenye mchanga wa meli, na kabla karne haijaisha alikuwa amekatiza bara zima hadi pwani ya Afrika Mashariki, akisafiri na misafara ya wabeba mizigo. Anazaliana kwenye udongo mkavu wenye vumbi, ndani ya nyumba na ndani ya madarasa. Sakafu inayonyunyizwa na kufagiwa, au inayosiribwa kwa samadi na udongo ikakauka ngumu, humpa taabu. Mtoto akilijua hili anaelewa kwa nini ile kazi ya kiganja cha maji imechorwa kubwa kuliko ufagio.

Watu hudhani habari ya wanafunzi kufanya usafi wenyewe ni umaskini tu, kwamba tungekuwa na fedha tungeajiri. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoa huuhuu, aliyeanza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, hakuiona hivyo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alihoji kwa nini shule, hasa za sekondari, ziajiri watu wa kufagia na kutunza bustani huku wanafunzi wakitazama. Miaka sita baadaye kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kinachonivutia katika kampeni ile ni utaratibu wake. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma, kikajadili, na hakikutawanyika mpaka kimeamua kitu cha kufanya kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Vyoo vilivyochimbwa kutokana na vikao vile vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hakuna choo kilichochimbwa na kaulimbiu.

Sasa jambo ambalo bango lolote litashindwa nalo mwalimu asiporekebisha kwanza. Shule ileile inayofundisha kwamba usafi ni wajibu wa wote humfagilisha aliyechelewa namba, na humpeleka chooni aliyepiga kelele darasani. Somo la maadili linamwambia mtoto awe mwajibikaji; adhabu ya saa nne inamwambia kufagia ni kazi ya wakosaji. Watoto husikiliza adhabu. Ukitaka bango lako liaminiwe, tafuta adhabu nyingine.

Tuje kwenye ufagio na mkono unaoushika. Katika nyumba nyingi za Wakurya kufagia, kuteka maji na kupika ni kazi za wanawake na wasichana. Mvulana yuko na ng'ombe. Mvulana mdogo bado anaweza kutumwa hiki na kile, lakini jando hubadilisha hesabu. Msimu wake mara nyingi huangukia likizo ya mwisho wa mwaka, na Januari anarudi darasani mtu anayejiona mkubwa. Mpe ufagio mbele ya wenzake usikie:

"Mura, na wewe unafagia?"

Swali hilo moja, lililoulizwa kwa kicheko kutoka dawati la nyuma, lina nguvu kuliko mabango yote ya ukuta. Anauweka ufagio chini. Msichana wa jirani anauokota bila kuambiwa, kwa kuwa nyumbani ndivyo ilivyo, na mwalimu aliyekuwa anaandika andalio la somo hata hajaona kilichotokea.

Sishauri mwalimu asimame na kuhutubia dhidi ya desturi. Atapoteza mjadala, hasa akiwa mgeni aliyepangiwa Tarime mwaka jana. Kuna njia mbili zinazofaa zaidi. Ya kwanza ni kuliacha darasa likate shauri lenyewe. Watoto hawa wamekulia mahali ambapo mambo mazito ya ukoo hupelekwa ritongo, watu wakakaa, wakasema, wakafikia neno moja, na neno hilo likamfunga hata aliyelipinga. Wakalishwe hivyo. Swali liwe moja tu: kazi hizi tulizoziandika tuzigawe vipi ili asiwepo wa kuonewa? Wasichana wakipewa nafasi ya kusema, watasema; wamekuwa wakihesabu muda mrefu. Uamuzi ukishatoka, aliyerudi kutoka jandoni ameahidi mbele ya rika lake, na ahadi hiyo haikutoka kwa mwalimu. Ya pili nitaifikia nikieleza gurudumu.

Kabla ya hapo, mchoro. Angalia ni nani amechorwa akifanya nini. Ikiwa kila mwenye ufagio amevaa sketi ya bluu na kila mwenye kaptula amesimama ameshika daftari la ukaguzi, bango limekwisha tunga sheria, hata kama maneno chini yake yanasema sote ni sawa. Mvulana achorwe ameinama anafagia, miguu yake mikubwa kama walivyo wavulana wa darasa la saba. Msichana achorwe juu ya dawati anafuta vumbi dirishani, au anagongomea mguu wa dawati kwa nyundo.

Karatasi ya manila, ile kubwa ya sentimita 84 kwa 59, inapendeza siku ya kwanza. Baada ya wiki sita za upepo unaoingia kwenye dirisha lisilo na kioo, pembe zimejikunja na selotepu imebaki na kipande cha ukuta. Walimu wa Kanda ya Ziwa wana jibu lao la siku nyingi: sandarusi. Kiroba cha kilo 50 kilichomaliza mahindi au sukari kinachanwa pembeni na chini, kinafuliwa, kinaanikwa, kinanyooshwa kwa kuwekewa matofali usiku kucha. Maandishi yakae upande usiochapwa. Pembe zikunjwe na kushonwa kwa uzi wa gunia, kamba ipitishwe juu, bango linaning'inia kwenye misumari miwili na linaweza kukunjwa likizoni lisiliwe na mchwa. Makapeni hushika vizuri kwenye sandarusi. Zikikauka, na hukauka haraka kwa sababu kuna mtoto ambaye harudishi kifuniko, mkaa uliosagwa na kuchanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo unatoa weusi wa kutosha kwa michoro ya manila au ya boksi. Ule weusi wa ndani ya betri za tochi, ambao vizazi vya wanafunzi walitumia kupaka ubao, tuuache. Una manganizi, na watoto hulamba vidole.

Mafundi wa mabango huhesabu kwamba maandishi ya kusomeka bila kukaza macho yanataka kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Darasa la mita 9 basi linataka herufi za sentimita 7 au 8, na hapo ndipo watoto wanagundua kwamba sentensi yao ya maneno 14 haiingii. Waache wagundue. Wakishaikata mara tatu wanabaki na "Nyunyiza maji kabla ya kufagia", na hilo linatosha. Ziwe herufi ndogo za kawaida, zile ambazo watoto wa darasa la kwanza na la pili wanazifahamu kutoka kwenye KKK. Mtoto aliyeingia shule akiongea Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kijaluo bado anajifunza Kiswahili chenyewe, na neno lote kwa herufi kubwa linampotezea umbo alilolizoea.

Kuhusu picha, kuna utafiti wa zamani ambao nautumia sana. Mwaka 1976 UNICEF na wenzao walikwenda vijijini Nepal kuuliza watu wasiozoea vitabu wanaona nini kwenye picha mbalimbali. Picha ya mtu au kitu iliyoondolewa kila kilichokuwa nyuma yake ilitambulika vizuri kuliko ile yenye mandhari kamili, na michoro ya vijiti viwili na duara ilitambulika vibaya. Kwa hiyo jua lenye miale, mlima, bendera na ndege wanne angani, vitu ambavyo watoto wetu huvijaza kwenye kila mchoro, havilisaidii bango. Mtu mmoja, kitendo kimoja, chombo kimoja, na nyuma yake peupe.

Wakati wa kutengeneza, mtazame aliyeshika makapeni. Katika kila kundi yuko mwenye mwandiko mzuri. Anaandika kila kitu, na wenzake watano wanamwangalia wakisogeza vichwa. Bango la ushirikiano linatengenezwa na mtu mmoja! Kundi la watu sita linataka kazi sita zinazoonekana: wa kupima na kupiga mistari kwa rula ya ubao, wa kuchora kwa penseli, wa kukolezea wino, wa kuandika, wa kusahihisha tahajia, na wa kusimama mbele kulieleza na kujibu maswali. Huyo wa mwisho asiwe mwenye mwandiko mzuri. Kila mmoja atie jina lake nyuma ya kazi aliyoifanya. Ringelmann angefurahi.

Gurudumu sasa. Wajapani wana desturi ya wanafunzi kusafisha shule yao kila siku, na Misri ilipoamua kuiga malezi hayo ilifungua shule za mtindo wa Kijapani mwaka 2018. Katika madarasa ya Japani hutumika kifaa rahisi mno: duara mbili za karatasi ngumu, ndogo juu ya kubwa, zimeshikwa katikati kwa pini. Kubwa ina kazi, ndogo ina makundi. Kila wiki ndogo inasukumwa hatua moja, na kila kundi linaangukia kazi mpya. Kwetu duara hizo zinakatwa kwenye boksi la sabuni, kubwa ya upana wa sentimita 60, ndogo ya 40, na katikati unapita msumari uliokunjwa nyuma.

Rudi kwa watoto wetu 80. Gawa kazi nane: kusimamia madawati, maji ya kunyunyiza, kufagia upande wa madirisha, kufagia upande wa mlango, kuzoa na kupeleka shimoni, ubao na meza ya mwalimu, kibuyu chirizi, choo. Makundi manane, watoto kumi kwa kila kundi. Lakini kumi kwenye kazi moja ni palepale kwa wavuta kamba, nusu ya nguvu imepotea. Basi ndani ya kundi watoto wapangwe wawiliwawili kwa siku tano za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Siku yoyote ile wanaosafisha ni 16 tu, kila kazi ina watu wawili, na majina yao yako ukutani. Wanaofagia ni wanne. Fagio zilikuwa nne.

Gurudumu hilo ndilo njia ya pili niliyoahidi. Kundi liwe na wavulana na wasichana, jozi zipangwe kwa kupiga kura ya karatasi ndani ya kofia, na mvulana wa Januari akikuta jina lake limeangukia ufagio upande wa madirisha, hakuna aliyemchagua wala aliyemdharau. Wiki iliyopita alikuwa kwenye ubao. Wiki ijayo anazoa taka. Anayemcheka leo anaweza kujiona kwenye duara akikaribia hatua kwa hatua. Wataalamu wa jinsia wana maneno marefu ya kueleza haya; boksi na msumari hufika palepale kwa njia ya mkato.

Madawati, nikumbushe, hayawezi kuinuliwa yote na watoto wawili. Kila mtoto ainue la kwake kabla ya kutoka, na jozi ya siku ihakikishe mistari imenyooka.

Pa kulitundika bango si juu ya ubao. Huko mtoto anatazama mbele ya mwalimu na hasogei. Liwe karibu na mlango, kimo cha macho ya mtoto wa darasa husika, ili aweze kuweka kidole kwenye jina lake akiingia. Na kuta zipunguzwe mzigo. Mafunzo ya walimu ya miaka ya karibuni, ukiwamo mpango wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014 na kuihusisha Mara, yalihimiza darasa linaloongea, lenye herufi, namba na picha ukutani, na hilo limesaidia. Ila yapo madarasa ambayo sasa yanapiga makelele: visoda, viroba, ramani, methali, chati ya hali ya hewa ya mwaka juzi, vyote kwa pamoja. Bango jipya likiingia, la zamani moja litoke.

Saa ya usafi nayo iandikwe, na hapa wilaya hizi mbili zinaachana. Tarime mjini saa 12 na nusu asubuhi ni sawa. Kwenye vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani usiku na wengine wanakuwa bado hawajarudi kukipambazuka, kumtaka mtoto wa miaka minane awahi namba ili akafagie ni kumtembeza gizani kwenye njia yao. Usafi wa huko ufanyike jioni kabla ya kengele ya kuondoka. Asubuhi ibaki ya kunyunyiza maji na kufuta ubao, na hayo hayazidi dakika kumi.

Imebaki choo, na hapa walimu hawakubaliani. Wapo wanaokiondoa kwenye gurudumu kabisa na kukiacha kwa darasa la sita na la saba, na wapo wanaotaka kila mtoto akipitie. Mimi nakitoa kwa darasa la kwanza na la pili bila mjadala, kwa sababu ya mashimo mapana na mikono isiyonawika vizuri. Kuanzia la tatu kibaki, mradi jozi ya choo ipewe sabuni, ndoo yake yenye alama isiyochanganywa na ya kunyunyizia, na ufagio wa mpini mrefu. Shule isiyoweza kununua vitu hivyo vitatu iandike kazi saba kwenye duara, sehemu ya nane iachwe tupu, na mwalimu mkuu aipeleke duara hiyo kwenye kikao cha kamati ya shule kama ilivyo.